Nyumba ya Mama Iliyoshuka Mgongoni mwa Ngamia

   Jua limeshuka, msikilizaji wangu, joto bado, kama kawaida yetu. Tandika mkeka, mimina chai, tuzungumze.

Mada yetu leo ni nyumba za miti. Najua kuna mtu ameshacheka. Nyumba za miti Garissa, mji wa mabati na mawe? Ngoja kidogo. Pita Bulla Iftin, pita pembezoni mwa mji upande wa njia ya Dadaab, utaziona zimeinamisha migongo: nyumba za duara, juu turubai, chini ya turubai gunia, chini ya gunia mkeka. Wengine huziita herio, wazee huziita aqal. Sasa fanya hivi akilini mwako: vua turubai, vua gunia, vua mkeka. Kinachobaki ni nini? Ni miti iliyopindwa na kufungwa kwa kamba. Hicho ndicho kiunzi. Na kiunzi ndicho nyumba, hayo mengine ni mavazi.

Hilo ulishike, nitalirudia.

Tuanzie mbali halafu turudi nyumbani. Kule Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu, kuna watu wenye pesa zao wanaopenda sana kununua ghala kuukuu la shambani, lile la kuwekea nafaka na majani ya mifugo, wakaligeuza makao ya watu. Tangu Aprili 2014, sheria ya England imerahisisha jambo hilo: majengo mengi ya kilimo yanaweza kugeuzwa nyumba bila kupitia mlolongo mzima wa vibali. Kwa hiyo mahali palipolala shayiri sasa panalala mtoto, na palipofungwa ng'ombe pana jiko la gesi na sofa.

Yapo pia maghala ambayo hayaguswi. Magharibi mwa London, hatua chache kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, kipo kijiji kiitwacho Harmondsworth. Hapo pamesimama ghala la mbao za mwaloni lililojengwa miaka ya 1420, urefu wake karibu mita 60. Ndugu yako anayetua Heathrow kutoka Nairobi hupita karibu nalo bila kujua. Mwaka 2011 shirika la English Heritage lililinunua ili lihifadhiwe, na leo watu huingia kulitazama tu, vichwa juu, wakistaajabia boriti.

Wanastaajabia nini hasa? Fundi wa zamani alichonga kila kiungo chini, akakikusanya kiunzi kikiwa kimelala, akatia alama kwa patasi kwenye kila mti, moja, mbili, tatu, kwa tarakimu za Kirumi. Kisha akakifungua, akakipeleka mahali pa kujengea, akakisimamisha kwa kufuata zile alama. Alama hizo zinasomeka hadi leo. Uzito wote umebebwa na miti, ukuta umepachikwa tu. Ndiyo maana ghala hugeuka nyumba kwa urahisi: unatoa mbao za ukutani, unaweka kioo, na paa halijui kama kuna kilichobadilika.

Msikilizaji, kiunzi kinachotengenezwa kwanza, kikafunguliwa, kikasafirishwa, kikasimamishwa tena. Kuna kitu hapo unachokijua?

Naam. Ayeyo wako, yaani bibi yako, alikuwa akifanya hivyo kila malisho yalipokwisha. Hakuandika tarakimu za Kirumi, maana alama zilikuwa mikononi mwake. Kila mti aliujua kwa kuushika.

Tuisogelee nyumba yenyewe, maana vijana wengi wa mjini wameiona kwa mbali tu. Ile miti iliyopindwa kwa Kisomali huitwa dhigo. Iliyo bora hutoka kwenye mizizi ya mgunga, ule wanaouita galool. Mzizi hufukuliwa, ukachunwa, ukapindwa ungali mbichi na kufungwa hivyo hivyo mpaka ukauke na umbo lake. Ukishakauka haurudi nyuma. Maganda ya mti huohuo hayatupwi. Akina mama huyatafuna, ndiyo, kwa meno, mpaka yalainike yawe nyuzi, na nyuzi hizo husukwa ile mikeka mizito inayovikwa nyumba. Mti mmoja umetoa mifupa, ukatoa na ngozi.

Siku ya kuhama, nyumba haibebwi kama mzigo juu ya tandiko. Nyumba yenyewe ndiyo tandiko. Mikeka minene hukunjwa ikalazwa mgongoni mwa ngamia apate kustahimili, dhigo zikafungwa ubavuni mwake, huku na huku, mpaka kukawa na kitanda chenye kingo. Ndani yake hupangwa vibuyu vya maziwa, vyungu, mbuzi aliyezaliwa jana, na mtoto ambaye bado hajaweza kutembea. Wanafika wanakokwenda, wanawake wanachimba vishimo kwa duara, wanasimika, wanapinda, wanafunga, wanavika. Kabla chai haijapoa sana, mzee ana mahali pa kukaa.

Mtafiti wa usanifu Labelle Prussin aliandika kitabu kizima juu ya nyumba za wafugaji wa Afrika wanaohamahama, kikatoka mwaka 1995, na humo wamo Wasomali, wamo Warendille na Wagabra, majirani zetu wa Marsabit. Jambo alilolisisitiza ni lile ambalo hapa kwetu hata mtoto alilijua: nyumba hizi hujengwa na wanawake, huhamishwa na wanawake, na ni mali ya wanawake. Nitalirudia na hili, maana ndilo lililonileta kwenye maikrofoni leo. Ni mali ya wanawake.

Kabla ya kufika huko, tujiulize: nyumba hii ilishukaje mgongoni mwa ngamia? Ilikwamaje Garissa?

Haikukwama siku moja. Wazee watakumbuka vita vya shifta, vya serikali na waliotaka eneo hili lijitenge na Kenya, 1963 hadi 1967. Mwaka 1966 serikali ilianza kuwakusanya wafugaji kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi. Nyumba iliyozoea kuhama ikaamriwa isihame. Mifugo ilikufa, mingine ikachukuliwa. Halafu ukaja ukame, ukaja tena, ukaja tena: 1984, 2011, na huu wa juzi ambapo tangu mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Sasa fikiria familia iliyobaki bila ngamia. Dhigo zipo, mikeka ipo, lakini mbebaji hayupo. Watapakia lori wakiweza, au mkokoteni wa punda, waje mjini, wasimike palipo na nafasi. Wanasema ni kwa muda, mvua ikinyesha tutarudi. Ule muda unafika miaka 20.

Na humu mjini nako hakukuwa na usalama daima. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa hapa Garissa, vikosi vya usalama viliteketeza Bulla Kartasi, wakazi wakakusanywa kwenye uwanja wa shule na kuzuiliwa huko katika jua letu hili. Yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoka Mei 2013. Nayataja hapa kwa sababu watu husema hivi vibanda havina historia, leo vipo kesho havipo. Nani alivifanya visiwepo?

Tugeukie Dadaab kidogo. Tangu kambi za wakimbizi zilipofunguliwa 1991, mtu aliyekimbia vita Somalia alifanya nini akifika pale kwenye mchanga? Alitafuta matawi, akapinda duara, akafunika kwa alichonacho: nguo kuukuu, maboksi, turubai ya msaada. Mlango? Madebe ya mafuta ya kupikia yaliyopondwa yakanyooka, yakapigiliwa kwenye fremu ya miti, maandishi ya msaada yakitazama nje. Umekwenda Hagadera au Ifo, umeiona milango hiyo. Nami nasema hilo ni geuzo la jengo lisilo na tofauti kubwa na la Mwingereza na ghala lake, isipokuwa magazeti ya mapambo ya nyumba hayajafika kupiga picha.

Halafu sikiliza kichekesho, ijapokuwa hakichekeshi. Kambi zilipofurika, mashirika yalianza kujenga nyumba za matofali ya udongo uliobanwa kwa mashine, imara na zenye kivuli kizuri. Serikali ikasimamisha kazi hiyo, kwa kuwa nyumba zilikuwa zinafanana mno na za kudumu. Kumbe mtu aliruhusiwa kuishi pale miaka 30, sharti nyumba yake ionekane kana kwamba anaondoka kesho! Sasa upepo umebadilika. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi ziwe makazi ya kawaida pamoja na wenyeji. Tutaona. Mimi ni mtu wa kuona kwanza.

Turudi kwenye bula zetu, mitaa yetu ya hapa mjini. Herio ikishakaa mahali pamoja, huanza kubadilika polepole. Mikeka huchakaa, na mkeka wa maganda ya galool hausukwi mjini, nani ana muda, na miti yenyewe iko wapi? Linakuja gunia la mchele, inakuja karatasi ya nailoni, linakuja turubai. Dhigo ikivunjika, mahali pake panaingia tawi la mathenge. Unaujua mathenge, huhitaji nikuelezee miiba yake. Ulipandwa kule Bura na Hola kwenye miradi ya umwagiliaji ili watu wapate kuni, nao ukaamua kuishi nasi popote penye maji. Siupendi mti huu, lakini tuseme haki: nguzo nyingi za Garissa leo ni mathenge, na bila mti huo watu wangelala nje.

Baadaye pesa kidogo zikipatikana, inasimama nyumba ya mabati pembeni. Na herio? Mara nyingi haibomolewi. Inageuzwa jiko. Inageuzwa stoo ya kuni na mitungi ya maji. Inageuzwa zizi la mbuzi wachanga. Waingereza wamechukua ghala wakalifanya nyumba, sisi tumechukua nyumba tukaifanya ghala.

Sasa nikuulize swali la mchana wa Februari. Saa nane, nyuzi 36 au zaidi, wapi pana afadhali? Ndani ya mabati, ambapo ukiinua mkono karibu na paa unahisi moto ukikushukia? Au ndani ya herio ya zamani, yenye mkeka mnene juu na upepo ukipenya chini pale ulipofunuliwa? Ndiyo maana ukienda nyumba nyingi mchana utamkuta ayeyo amerudi kwenye herio yake, amejilaza, na wajukuu wamemfuata. Nyumba ya mabati inabaki na televisheni.

Wala sisemi tuvunje mabati turudi kwenye mikeka. Mabati hukinga mvua, hufungwa kwa kufuli, hayashiki moto upesi kama nailoni juu ya matawi makavu. Mzazi anayetaka nyumba yenye kufuli hana kosa. Ninachosema ni hiki: aliyejenga herio alijua mambo matatu manne kuhusu jua na upepo wa hapa ambayo fundi wetu wa mabati hajaulizwa. Kwa nini paa la mabati lisivikwe mkeka au makuti ya mkoma kwa juu? Mikoma ipo kando ya Tana, na wanaoyasuka makuti yake wapo sokoni. Kwa nini tuzibe pande zote nne hata tundu la upepo lisiwepo? Na tazama mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024, maji yalipokata barabara pale Madogo, ng'ambo ya daraja. Mwenye kiunzi cha kufungua aliweza kukipakia kwenye mkokoteni. Mwenye ukuta alibaki anautazama.

Sasa nifike penyewe. Msogeze na bwana wa nyumba karibu na redio, asije akasema hakusikia.

Kule malishoni nyumba ilikuwa ya nani? Binti alipoolewa, mama yake, mashangazi na jamaa wa kike ndio waliomtengenezea nyumba. Dhigo, mikeka, kamba, vibuyu, vyote vilitoka upande wa mama. Mume aliingia katika nyumba ya mkewe. Mwenye wake wawili alikuwa na nyumba za wake zake, yake mwenyewe hakuwa nayo. Ndoa ikivunjika, mwanamke alifungua nyumba yake akaondoka nayo, na mwanamume alibaki na fimbo yake na kivuli cha mti. Hakuna aliyeona ajabu.

Halafu nyumba ikashuka kwenye ngamia, ikasimikwa kwenye ploti. Ploti ina namba. Namba ina karatasi. Siku ya kuandikisha karatasi, nani alikwenda kupanga foleni? Baba. Karani alipouliza jina la mwenye nyumba, liliandikwa la nani? La baba. Hakuna aliyefanya kikao cha kumnyang'anya mama nyumba yake. Hakuna mzee aliyelitamka hilo. Lilitendeka kwa kalamu tu, katika dakika moja, na jioni ile mama alirudi akalala katika nyumba ileile, chini ya miti ileile aliyoipinda yeye, pasipo kujua kwamba imeshakuwa ya mtu mwingine.

Huko Uingereza waligeuza kazi ya jengo. Sisi tumegeuza mwenye jengo. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: kiunzi kilibaki kilekile, watu walibaki walewale, mwenye mali ndiye aliyebadilika.

Na matokeo yake tunayaona. Talaka ikitokea mjini, anayebeba furushi na watoto kurudi kwao ni nani? Mume akifariki, ndugu zake wakija kuhesabu mali, nyumba huhesabiwa upande gani? Zamani swali hilo halikuwepo, kwa sababu nyumba haikuwa mali ya marehemu.

Kuna atakayesema, "Huyu mtangazaji ametuletea mambo ya mashirika." Hapana, ndugu yangu. Dini yetu inampa mwanamke umiliki wa mali yake kamili, mume hana fungu ndani yake ila akipewa kwa hiari. Mila yetu ilimpa nyumba. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, na Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Dini, mila na sheria, mara hii, zimekaa upande mmoja wa mkeka. Waliobaki upande wa pili ni sisi na mazoea yetu mapya, ambayo ni ya juzi tu.

Na hili lina haraka. Mitaa inapimwa. Garissa ilikuwa miongoni mwa miji 15 iliyoingizwa kwenye mpango wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, ule wa KISIP, ulioanza 2011, na kazi ya kupima mitaa na kutoa hati ni sehemu ya mpango huo. Wapimaji wakifika bulani kwenu na tepu zao na daftari lao, watauliza jina. Linaweza kuandikwa jina la mke. Yanaweza kuandikwa majina mawili. Hakuna sheria inayosema liwe la mwanamume. Kama karatasi yenu ilishatoka kwa jina moja, jina la pili linaweza kuongezwa, na kabla hamjafika kwenye ofisi ya ardhi mnaweza kuanzia kwa kadhi, mkaandikiana mbele ya mashahidi kwamba nyumba hii ni ya fulani, tangu siku fulani. Mume anayempa mkewe nyumba kwa maandishi hajapungukiwa na uanaume. Babu yake hakuwa na nyumba hata moja, na aliheshimiwa kutoka Liboi mpaka Modogashe.

Kuna na hili dogo, kisha niwaachie. Mabinti zetu wanaomaliza shule sasa hivi, wangapi wanaweza kusimika dhigo tano zikashikana? Nimewauliza kadhaa, wamenitazama kana kwamba nimewauliza habari za mwezini. Mama zao wanajua nusu. Ayeyo zao wanajua yote, na ayeyo hawatatungoja. Shule za ufundi za kaunti zinafundisha useremala na uashi, ni vizuri. Ingegharimu nini kumwita mama mmoja wa miaka 70 aje afungue herio uwanjani, aisimike tena, mwalimu wa useremala akiwa ameshika daftari? Mwanafunzi angejifunza kupinda mti bila kuuvunja, kubeba uzito bila msumari hata mmoja. Waingereza wanalipia tiketi kutazama kazi ya aina hiyo.

Basi, msikilizaji, saa imenibana, fundi mitambo ananionyesha vidole. Baada ya wimbo tutafungua simu, na swali ni moja tu, jibu lake liko ndani ya sanduku lenu la chuma chini ya kitanda: kwenye karatasi ya ploti yenu, limeandikwa jina la nani? Akina mama wapige kwanza. Wanaume, zamu yenu ni baada ya taarifa ya habari.